Kano ya kisigino: ishushe polepole
Nyinyi mnaopanda mteremko wa feri ya Likoni, Mombasa, kila siku na kuamka kano ya kisigino imekaza kama kamba ya jahazi: kupumzika peke yake hakuiponyi. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, shika ukuta, jiinue kwa mguu usiouma, kisha hamishia uzito kwenye mguu mbovu na ushuke polepole mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, raundi 3, goti likiwa limenyooka. Halafu raundi nyingine 3 ukilikunja kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Ndiyo, 12.

Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, hivyo hupona kwa mwendo wa kobe. Ikivutwa kwa uzito, seli zake hutengeneza kolajeni (protini ya nyuzi za kano), na nyuzi mpya hujipanga kufuata mvuto. Kukanda kwa mafuta ya moto kunatuliza tu (nami nimemaliza chupa kadhaa). Uchungu kidogo wakati wa zoezi si neno. Ukizidi asubuhi inayofuata, punguza.

Uchungu ukiwa pale kano inaposhika mfupa, fanyia sakafuni, usishuke chini ya ukingo. Uchungu ukianza baada ya kumeza ciprofloxacin (dawa ya kuua bakteria), usifanye zoezi kabla ya kumwona daktari, maana dawa hiyo inaweza kudhuru kano. Na ukisikia “pwa!” kama umepigwa teke kwa nyuma, kisha kusimama kwa vidole hakuwezekani, huenda imekatika: hospitali leo leo.