Kabla ya kununua urea, chimbua mizizi ya kunde

Vuli hii, kunde zako zikianza kutoa maua, ingia shambani na jembe. Usivute mche kwa mkono, maana unachokitafuta kitabaki ardhini. Uchimbue na donge lake, uloweke kwenye ndoo ya maji, kisha suuza taratibu. Utaona vinundu kama punje za mtama vimeng'ang'ania mizizi.

Mama mmoja wa Muheza aliniambia miaka yote aling'oa mikunde yenye vinundu akidhani ni ugonjwa. Iliniuma sana, kwa sababu aliyokuwa akitupa ni mbolea yake mwenyewe.

Pasua kinundu kwa ukucha. Ukiona wekundu ndani, bakteria waitwao rizobia wako kazini: wanachukua naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na kuifanya chakula cha mmea. Mmea nao huwalisha sukari. Kinundu kilichogeuka kijani ndani hakikusaidii tena. Ila uvimbe usiobanduka ukiusugua, yaani mzizi wenyewe umevimba, huo ni wa minyoo fundo, minyoo wadogo wa udongoni wanaoshambulia mizizi. Msimu ujao usirudishe hapo kunde, nyanya wala bamia.

Rizobia hawaonekani kwa macho. Tumewajua kwa darubini na kwa subira ya watafiti, wengi wao wakilipwa kwa kodi za wananchi. Sisi wa Tanga tunacho kituo cha umma cha utafiti wa udongo hapahapa, TARI Mlingano, wilayani Muheza. Kitumieni, ndugu zangu, ni chenu.

Vinundu vikiwa vichache, huenda udongo una tindikali, umepungukiwa fosforasi, au umetiwa urea nyingi, ambayo ni mbolea ya naitrojeni. Mkunde ulioshiba naitrojeni hauhangaiki kuwakaribisha bakteria. Udongo ukipimwa ndipo utajua. Chota sehemu 15 hadi 20 za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, kisha peleka kama kilo moja Mlingano. Usichote penye kichuguu wala zizi la zamani.

Kunde kwa kawaida huwakuta rizobia wake udongoni. Soya mara nyingi haiwakuti, hivyo mbegu hupakwa unga wenye bakteria hao. Upake kivulini, usitumie mbegu iliyotiwa dawa ya ukungu, na upande siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu. Jua letu la pwani huwaua upesi.