Somo: Mlango wa gari la kale haukai sawa? Anza na shasi, bawaba ziache kwanza

Wakuu habari zenu. Ukiona mlango wa gari la kale umelala upande wa kitasa na ukiufunga unakwaruza nguzo, mkono unaenda wenyewe kwenye bawaba. Uzuie. Magari mengi ya miaka ya 1920 na 1930 shasi (ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari) ni kitu chake na bodi ni kitu chake, bodi imekalia shasi kwa bolti, na katikati yao kuna raba au kipande cha mbao au turubai nene pamoja na vibati vyembamba tunavyoviita shimu. Hizo shimu ndo zinaamua tundu la mlango likae umbo gani. Tundu likiwa limepinda, hata ufunge mlango mpya kabisa utakaa vibaya vilevile.

Hatua ya 1: Gari likae kama litakavyotembea
Engine ndani, giaboksi ndani, rejeta, tenki, viti kama vipo. Lisimame kwenye matairi yake yenye upepo sawa, au stendi ziwe chini ya eksli, sio chini ya tumbo la shasi. Shasi za zamani zinanyumbulika sana, ukipanga milango gari likiwa tupu halafu ukaja kuingiza engine, yale mapengo uliyoyahangaikia yanahama yote. Weka pima maji juu ya reli zote mbili za shasi, zile boriti ndefu za kushoto na kulia, halafu pima mshazari kona kwa kona. Vipimo viwili visipolingana shasi imepinda, na hapo hamna shimu itakayokusaidia, peleka ikanyooshwe kwanza.

Hatua ya 2: Uozo
Bodi nyingi za wakati ule, kwa mfano zile za kampuni ya Fisher zilizokuwa zinawekwa kwenye Chevrolet, ni bati lililopigiliwa juu ya fremu ya mbao. Kwa nje inang'aa, ndani mbao imekuwa unga. Chukua bisibisi uchokonoe mguu wa kila nguzo na ile boriti ya chini ya mlango, ikizama bila nguvu ujue skrubu za bawaba zimeshika hewa. Hata bodi ya chuma kitupu inaoza palepale chini. Kabla hujakata chochote chomelea vyuma vya kushikilia kwenye tundu la mlango, kimoja mlalo na kimoja mshazari, maana ukikata boriti bila hivyo bodi inajikunja na vipimo vyako vya asili vinapotea jumla.

Hatua ya 3: Pini za bawaba
Fungua mlango nusu, shika upande wa kitasa, unyanyue juu chini taratibu huku jicho liko kwenye bawaba. Angalia ni nini kinacheza. Kama ni pini ndani ya tundu lake, utaiona inainama na mara nyingi kuna kamstari ka unga mwekundu wa kutu pale inaposagika. Hiyo dawa yake ni kupanua tundu kidogo na kuweka pini nene zaidi, au kuweka bushi, yaani kibomba kidogo cha chuma ndani ya tundu. Kama bawaba nzima inatembea juu ya nguzo, rudi hatua ya 2. Na kama hakuna kinachocheza ila mlango bado uko chini, vizuri sana, tatizo lako ni la shimu.

Hatua ya 4: Vua vitu vinavyodanganya
Toa raba za mlango, toa kile chuma kinachopokea ulimi wa kitasa, toa na vile vikabari vinavyoingiliana kwenye nguzo mlango ukifungwa. Hivi vikabari ndo waongo wakubwa, vinaunyanyua mlango kwenye sentimita za mwisho, kwa hiyo ukifunga unaona uko sawa kumbe umebebwa.

Hatua ya 5: Shimu zenyewe
Hapa ndo kazi ilipo, soma polepole. Funga mlango uangalie pengo la upande wa kitasa, juu na chini. Pengo likiwa jembamba juu na pana chini, bodi imebonyea katikati kama daraja la mbao lililozidiwa na mzigo, nguzo mbili zinainamiana kwa juu. Ongeza shimu kwenye bolti za katikati, pale chini ya mlango, au punguza za mwisho wa mbele na nyuma. Likiwa pana juu na jembamba chini fanya kinyume chake, punguza katikati au ongeza kwenye ncha.

Legeza bolti zote za upande ule usizitoe, nyanyua bodi kwa jeki yenye kipande cha mbao juu ili usitoboe bati, ingiza shimu moja ya milimita 1 au 1.5, shusha, kaza zote, ndo uangalie. Usiangalie kabla ya kukaza, utajidanganya. Na usiweke tatu kwa mpigo, kwa sababu nguzo ni ndefu na kibati chembamba kule chini kinaonekana kikubwa kule juu. Ukimaliza upande mmoja nenda kacheki wa pili, lazima utakuwa umesogea kidogo.

Hatua ya 6: Sasa bawaba
Kilichobaki kiwe kidogo tu. Shimu nyuma ya bawaba ya chini inasogeza sehemu ya chini ya mlango mbali na nguzo ya bawaba, na hivyo kunyanyua upande wa kitasa. Nyuma ya bawaba ya juu inaushusha.

Hatua ya 7: Mlango uliojisokota
Pengo zuri ila chini umetokeza nje na juu umeingia ndani? Weka kabari ya mbao laini kati ya mlango na nguzo kule juu, halafu sukuma chini kwa goti kidogo kidogo. Ukitokeza juu, kabari iwe chini. Inatisha mara ya kwanza ila milango ya zamani inakubali. Kioo kitoke kwanza tafadhali.

Hatua ya 8: Pengo liwe ngapi
Milimita 4 hadi 5 inatosha kwa magari haya, na usisahau rangi ina unene, kingo mbili zikipigwa praima na rangi pengo linapungua. Kipimo changu ni mkia wa biti ya drili ya milimita 4, ipite pande zote bila kulazimisha. Boneti na madigadi ni mwisho kabisa, yanafuata mlango.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu gari langu lina milango minne, naanza na upi?
Jibu: Wa nyuma. Ubavu wa nyuma umeshikana na bodi hauendi popote, kwa hiyo mlango wa nyuma unaufuata huo, wa mbele unafuata wa nyuma.

Swali: Fundi, kwa nini nisijaze puti kwenye ukingo pengo lionekane sawa tu?
Jibu: Kwa sababu ukingo ndo unaopigwa kila siku mlango ukifungwa, puti itapasuka na rangi itaondoka nayo. Kama umeshamaliza kila kitu na imebaki milimita 1 au 2, chomelea waya mwembamba ukingoni usage taratibu. Kidogo kidogo, bati lisipate moto likajikunja.

Swali: Milango yangu bawaba ziko nyuma, inafungukia mbele. Sheria inageuka?
Jibu: Ya shimu za bodi haigeuki, angalia pengo la upande wa kitasa vilevile. Ya bawaba pia, shimu ya chini inanyanyua upande wa kitasa, ila sasa upande huo ndo uko mbele.

Swali: Nina Citroën Traction Avant, nimelala chini kutafuta hizo shimu sijaona hata moja.
Jibu: Hutaziona kaka, ile tangu ilipotoka 1934 haina shasi ya kujitegemea, bodi ndo shasi. Mapengo yakihama kwenye gari kama hilo shuku boriti za chini zimeoza. Weka vyuma vya kushikilia kwanza, kisha ndo ukate na kuchomelea.

Swali: Langu ni la wazi halina paa, nimepanga vizuri kabisa, nimelitembeza kidogo mlango umeanza kugusa tena. Nimekosea wapi?
Jibu: Raba za kati ya bodi na shasi ni mpya? Kama ni mpya zimeshabonyea na bolti zimelegea. Na gari lisilo na paa linajikunja zaidi kwa sababu juu hakuna kinachoshikilia nguzo. Kaza bolti zote upya kwa nguvu sawa kabla ya kuongeza shimu yoyote, angalia tena pengo la juu. Likiwa bado jembamba ongeza moja tu katikati, upande ule unaogusa.