Kabla hujawapeleka watoto Charleston

Kutoka Charlotte tunakoishi hadi Charleston, South Carolina, ni kama kilomita 330, mwendo wa saa tatu na nusu barabara ikiwa nyeupe. Tumekwenda mara mbili. Mara ya kwanza tulijiandaa kama watu wanaokwenda kuogelea: taulo, kofia, vitafunio vya njiani, basi. Siku ya pili, tukiwa tumesimama mbele ya zile nyumba 13 za rangi rangi za East Bay Street ambazo kila mtu hupigia picha, binti yetu wa miaka saba akauliza, "Mama, hizi nani alizijenga?" Nikababaika. Nilikuwa najua jibu, ila sikuwa nimefikiria namna ya kumwambia mtoto, pale barabarani, watu wakipita na aiskrimu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandaa si begi, ni maneno. Charleston ni mji mzuri kweli, na uzuri wake ulijengwa kwa mikono ya Waafrika waliofanywa watumwa. Utajiri wa mwanzo ulitoka kwenye mpunga na nili, mmea wa kutoa rangi ya buluu, baadaye pamba, na waliojua kulima mpunga kwenye maji ya mabwawa walikuwa watu wa Afrika Magharibi, wa Sierra Leone na Senegambia. Wengine wengi waliletwa kutoka Kongo na Angola. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika walioletwa Amerika ya Kaskazini kuuzwa waliteremkia bandari hii. Mtoto wa miaka sita au saba hahitaji asilimia. Mwambieni, mkiwa nyumbani mezani na hakuna anayeharakisha, kwamba watu walifanyishwa kazi bila kulipwa, hawakuruhusiwa kuondoka, na wazazi walitenganishwa na watoto wao. Mwacheni aulize. Wale wakubwa wa miaka kumi na zaidi waambieni kila kitu. Wataviona wenyewe vyumba vya mnada.

Na msiwape huzuni peke yake. Sisi kabla ya safari ya pili tuliwasimulia habari za Robert Smalls. Alikuwa mtumwa, rubani wa meli ya Planter iliyokuwa ikilitumikia jeshi la majimbo ya Kusini, yaliyotetea utumwa, katika vita vyao na Kaskazini. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wakiwa wamelala mjini, yeye na wenzake waliwasha injini, wakawapitia wake na watoto wao, kisha wakapita mbele ya ngome moja baada ya nyingine wakitoa ishara zilizotakiwa, hadi wakazifikia meli za Kaskazini. Baada ya vita akachaguliwa kuwa mbunge wa Marekani. Mkipanda feri kwenda ngome ya Fort Sumter, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianzia tarehe 12 Aprili 1861, mnapita kwenye maji hayo hayo. Binti yetu safari nzima alikuwa ameegemea ukingo wa boti akitafuta njia aliyopita Smalls. Feri hiyo, kwenda, kukaa ngomeni na kurudi, inachukua zaidi ya saa mbili, na kule ngomeni kivuli ni haba. Maji ya kunywa na kofia ni lazima.

Tiketi nunueni mapema kwa mtandao. Feri hujaa wakati wa likizo, na makumbusho ya International African American Museum, yaliyofunguliwa Juni 2023, huuza tiketi za saa maalumu; Jumatatu hayafunguliwi, tena likizo nyingi za kitaifa huangukia Jumatatu. Jengo lenyewe limesimama juu ya nguzo 18 pale lilipokuwa gati la Gadsden, ambako meli za watumwa ziliteremsha watu kwa maelfu katika miaka ya mwisho kabla biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1808. Chini yake, upande wa bahari, kuna sakafu iliyochorwa maumbo ya watu waliolala wamebanana kama walivyopangwa ndani ya meli, na maji membamba huyafunika kisha yakayaacha wazi. Kuingia bustani hiyo ni bure. Mume wangu alivua viatu. Sikumuuliza kwa nini.

Ushauri wangu mkubwa kuhusu ratiba: kwa siku moja msiende zaidi ya mahali pamoja pazito, basi. Kuna Old Slave Mart kwenye Chalmers Street, jengo dogo lililokuwa sehemu ya soko la watumwa baada ya mji kupiga marufuku minada ya hadharani mwaka 1856. Kuna McLeod Plantation katika kisiwa cha James Island, shamba la pamba ambalo simulizi yake inaanzia kwenye vibanda vya watumwa badala ya sebule ya bwana. Kuna kanisa la Emanuel AME kwenye Calhoun Street, ambako watu tisa waliuawa wakiwa kwenye somo la Biblia tarehe 17 Juni 2015. Mkiyabana yote siku moja, mtoto ataacha kusikia. Sisi asubuhi tulienda mahali pamoja, mchana ukawa wa ufuko wa Folly Beach au mti wa Angel Oak, mwaloni mkubwa wa kisiwa cha Johns Island ambao matawi yake yameinama mpaka yamelala chini. Mti huo nao hauna kiingilio. Pale kanisani nendeni kimya; si mahali pa kupiga picha za kuchekea.

Msimu. Julai na Agosti joto lake ni la Dar es Salaam mwezi wa pili, jasho halikauki. Machi, Aprili, mwishoni mwa Oktoba na Novemba ndio wakati mzuri wa kutembea na wazee na watoto. Msimu wa vimbunga rasmi ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo miezi hiyo chagueni hoteli inayorudisha pesa mkighairi. Mbu wapo, na kuna visubi vya pwani vinavyouma jioni. Mafuta ya kuwafukuza yasikose.

Watu wa pwani wataelewa haraka hili linalofuata: angalieni kujaa na kupwa kwa maji kabla ya kuegesha gari. Mji uko chini sana. Maji ya bamvua yakipita futi 7 kwenye kipimo cha bandari, mitaa ya karibu na soko huanza kuingiwa na maji ya chumvi hata jua likiwaka, na mvua ikigongana nayo ndiyo kabisa. Mara ya kwanza tulirudi tukakuta maji yamefika nusu ya matairi. Tulisubiri yapwe, watoto wakilala kwenye ngazi za duka lililofungwa. Safari ya pili gari tuliliacha kwenye jengo la maegesho karibu na kituo cha wageni cha Meeting Street, tukapanda mabasi ya DASH ambayo katikati ya mji ni ya bure.

Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo kiacheni nyumbani. Chalmers Street imetandikwa mawe ya mviringo yanayoteguza miguu, na vijia vingi vimeinuliwa na mizizi. Mbeleko inafaa zaidi. Bibi avae raba. Na mgeni aliyekuja kwa viza atembee na pasipoti yake.

Chakula kinawastahili Waswahili, ila ulizeni kwanza. Wali mwekundu wa nyanya, supu ya bamia, kamba juu ya uji mzito wa mahindi, biskuti za ufuta: ni vyakula vya Wagullah, kizazi cha wale waliolimishwa mpunga, na ulimi wa Mwafrika unavitambua mara moja. Hata karanga huko Kusini ziliitwa "goober", neno linalotokana na "nguba", na msomaji wa kutoka Kongo hahitaji kutafsiriwa. Lakini sukuma wiki yao mara nyingi hupikwa na nyama ya nguruwe, na wali mwekundu hutiwa soseji au mafuta yake, bila kuandikwa kwenye menyu. Familia ya Kiislamu iulize kila sahani.

Mwisho, tengeni pesa za kikapu. Akina mama wa Kigullah wanashona vikapu vya nyasi za pwani sokoni City Market na kwenye vibanda vya barabara namba 17 huko Mount Pleasant. Bei itawashtua. Msipatane kama mko Kariakoo: kikapu kikubwa ni kazi ya wiki kadhaa, na anayekishona alifundishwa na mama yake, naye na mama yake. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

Mama mkwe wangu ametoka Ifakara, amelima mpunga maisha yake yote. Sokoni aliinama akachukua kile kikapu kipana, cha bapa, chenye ukingo mfupi. Hakusema kitu. Alikishika kwa mikono miwili akakirusha kidogo hewani, akakidaka, akakitikisa upande, kama kuna mpunga ndani. Mshonaji aliweka kazi yake chini akasimama. Wawili hao hawakuwa na lugha moja hata kidogo. Binti yangu ndiye aliyetafsiri, akaeleza kwa Kiingereza kwamba bibi anasema hili ni ungo, na kwamba kwao wanaupeta hivi, upepo ukitokea kushoto.