Ginsi ya kutengeneza saloni ya kupokea bageni hapa kwetu Lubumbashi

Bandugu, mwezi ya sita na ya saba baridi ya usiku hapa Lubumbashi inaingia paka mu mifupa, tuko juu, karibu metre 1200, na njo wakati ile batu banapenda kuikala ndani, kahawa, kalanga ya kukaanga, masolo mpaka usiku sana. Basi naandika ginsi unaweza kutengeneza saloni yako ili mugeni akiingia asikie kama anakaribishwa kweli, na mushahara isiishe yote mu vitu ya kuangalia tu.

Mbele ya kununua chochote, ikala mu saloni yako, zunguka kila kiti, ikala pale mugeni anaikalaka na ujiulize, vere yangu nitatia wapi? Lampi inanipiga mu macho? Naweza kuongea na mutu mwenye kuikala ngambo ile bila kupandisha sauti? Kwetu batu mingi banapanga fotei yote ku kuta zote ine, katikati kunabaki uwanja, kisha bageni banaongea kwa kelele ao kila mutu anashika telefone yake. Sogeza fotei, zikaribiane, hata ukiacha nafasi nyuma yake ni muzuri. Kati ya kanape na meza acha kama sentimetre 40, miguu ipite, na meza yenyewe ikuwe karibu urefu moja na pale pa kuikala, 40 mpaka 45. Meza moja mukubwa katikati haitoshe kwa kila mutu, bora uongeze viti fupi ya mbao bili tatu, ile viti leo inabeba sahani, kesho inabeba mutoto wa shangazi. Kama unamupa menuizie kazi, mulombe mulombwa, ni mbao yetu, nyekundu nyekundu, inakubali kazi, lakini muulize kama imekauka muzuri juu mbao yenye kuwa na maji ndani ikitengenezwa wakati ya mvua, kiangazi ikifika inapasuka.

Tapi sina mingi ya kusema. Kadogo katikati ya saloni inaonekana imepotea, tafuta ile yenye miguu ya mbele ya fotei inaweza kukanyaga juu yake. Kama hauna feza ya ile, acha simenti yako, piga sire muzuri ingae, inapendeza kuliko tapi mubaya.

Mwangaza sasa. Ampule moja nyeupe katikati ya plafo inaharibu saloni yote, sura ya batu inakuwa kama ya bagonjwa, chakula nayo inapoteza rangi. Nunua ampule ya rangi ya moto, ku karto banaandika 2700K ao 3000K, na utie lampi bili ao tatu ya chini, moja pembeni ya kanape, moja ku etajere, moja karibu na pale unatia vinywaji. Na juu umeme inakatikaka, moja kati yao ikuwe ya kuchaji, na uichaji asubui, ili giza ikifika kusikuwe kutafutana. Buji ni muzuri pia lakini ndani ya vere ngumu ao juu ya sahani, mbali na rido, mbali na batoto.

Tufike ku shaba, pale njo roho yangu iko. Provinse yetu yenyewe iliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997, tunaikala juu ya shaba, na bado mutu anaenda kutafuta plato ya plastiki yenye maua ya kupakwa wakati fundi wa hapa anakupigia plato ya shaba na nyundo, kila alama inaonekana, ukitia vikombe juu yake karibu na lampi saloni yote inapata rangi. Nunua plato moja mukubwa, inatosha. Na kama unapata kruazeti, ile musalaba ya shaba, tia moja ku etajere pale mukono inafika, ilikuwa feza ya bankambo mbele ya bazungu kufika, na bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa na misalaba tatu ya vile. Mugeni ataishika, atauliza, na masolo imeshaanza.

Lakini shaba iko na sheria yake. Usitie kitu ya kukacha ndani ya chombo ya shaba tupu yenye haina kitu ya kuifunika ndani, si juisi ya ndimu, si vinegre, si divai, na munkoyo, ile kinywaji yetu ya mahindi, nayo inakachaka kwa hiyo ni hapana, acide inatoa shaba inaingia mu kinywaji na tumbo inaumia. Munkoyo tia mu jagi ya vere ao ya udongo, ipange juu ya plato, basi. Kalanga, mikate, machungwa yenye maganda yake, ile yote haina shida.

Malakiti pia, ile jiwe yetu ya majani yenye mistari. Batu banaiuza mingi, mayai, masanduku kiloko, sandarie ya majivu ya sigara, damye ya kucheza. Ya kweli unaijua kwa mukono, ni nzito sana, karibu mara ine ya uzito ya maji ya kipimo sawa, na ni baridi ukiigusa, plastiki inapata joto haraka. Angalia pia mistari, ya jiwe hairudilie sura moja, kama unaona duara moja ileile mara tatu, acha. Ni jiwe laini, kisu inaikwaruza, kwa hiyo usiiburute ku meza, bandika kitambaa chini yake. Ndimu, vinegre, sabuni kali na amoniaki vinaiua rangi, tumia paka kitambaa yenye maji kiloko kisha kausha. Na usitie buji juu yake, joto inaiharibu. Moja ku saloni, ao bili. Ukijaza etajere yote hakuna mutu ataiona tena.

Ku ukuta, naomba kwa roho yote, tia tablo ya mutu wa hapa. Miaka ya 1970 saloni mingi ya Lubumbashi ilikuwa na tablo, bapentre bakichora ku kitambaa ya mufuko ya unga, Mamba Muntu nusu mwanamuke nusu samaki, ao mambo ya wakati ya Babelgiji, na mugeni akiangalia anakumbuka na anaanza kuelezea. Mbele yao kulikuwa ile atelie ya 1946, le Hangar, ya Pierre Romain-Desfossés, kulitoka Pili-Pili Mulongoy na ndege na samaki zake, Bela mwenye kuchora na vidole, Mwenze Kibwanga na mistari yake mafupi mafupi. Kununua yao ni ya bakubwa, lakini bapentre bado biko hapa mujini, enda ku atelie, ongea naye, nunua ya kwake moja ya kweli kuliko foto tatu ya maporomoko ya maji ya inchi sijui gani. Itundike chini kuliko unavyofikiri, kama sentimetre 20 juu ya mugongo ya kanape, juu bageni banaangalia wakiwa wameikala.

Vitambaa nayo usisumbuke, mabaki ya kikwembe inashonwa kusen muzuri, chagua rangi bili zenye ziko tayari mu saloni, usichanganye yote. Na blanketi laini moja ya kukunja ku mukono ya kanape kwa mama yako mukwe ao mutoto mwenye kulala.

Jambo ya baridi ni ya maisha na kufa. Mbabula, ile jiko ya makala, usiingize mu saloni yenye kufungwa, hata kama makala imekuwa nyekundu na moshi imeisha, ile gaze inayouwa haina harufu, batu banalala hawaamuke. Iache inje ku baraza, muikale hapo pamoja kwanza, bageni bapate joto, kisha muingie na blanketi na kahawa ya moto.

Bageni bakiondoka, plato ya shaba usiilaze na maji. Kesho yake kata ndimu nusu, chovya mu chumvi, sugua, osha na maji, kausha saa ileile na kitambaa kavu. Ile yenye fundi aliipaka verni usiisugue, pangusa tu. Na hakikisha ile ndimu haikugusa malakiti pembeni.