Kufunga Spika Mpya Milangoni: Probox, Fielder na Toyota Nyingine

Watu wengi hununua spika za bei, huzifunga pale pale zilipokuwa za zamani, kisha hushangaa besi imekwenda wapi. Mara nyingi spika haina kosa. Mlango ndio sanduku lake, na ukiwa na matundu, sauti inayotoka nyuma ya koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) hupenya ikakutana na ya mbele, zikauana. Kwa hiyo nusu ya kazi hii ni kuziba.

Fungua mlango mmoja kabla ya kununua chochote. Toyota nyingi kutoka Japani hubeba kwenye mlango wa mbele spika ya sentimita 16 au 17, ile inayouzwa kama inchi 6.5. Kipenyo hakisumbui sana. Kina ndicho kinachosumbua. Shusha kioo mpaka mwisho, pima kutoka kwenye bati la mlango hadi kwenye kioo, kisha linganisha na kina kilichoandikwa kwenye boksi la spika. Bakiza angalau nusu sentimita. Wanaopima kioo kikiwa juu ndio hurudi dukani na sumaku iliyokwaruza kioo.

Boksi likijigamba wati 350, usibabaike. Tafuta RMS, maana ndiyo nguvu ambayo spika inahimili mfululizo. Redio ya kawaida, hata iliyoandikwa 50 x 4, hutoa wati 15 hadi 20 hivi za kweli kwa kila spika. Kama huna amplifaya, chukua spika ya omu 4 yenye unyeti (sauti inayotoa kwa nguvu ndogo) wa desibeli 90 au zaidi. Ile nzito ya wati nyingi na unyeti mdogo italia kwa sauti ndogo kwa redio yako, na ya omu 2 itaipasha moto mpaka ijizime.

Tayarisha bisibisi ya nyota, spana ya 10, kibao cha plastiki cha kubandulia, drili yenye biti ya milimita 5, multimita, betri ndogo ya volti 1.5 na klipu kama 10 za akiba. Klipu za zamani hukauka na kukatika. Ukizitafuta Kibuye au Kondele, hapa Kisumu, beba moja ya zamani mkononi, kwa sababu zinafanana kwa macho lakini unene hutofautiana.

Toa kwanza waya wa hasi wa betri ya gari. Skrubu za paneli hujificha nyuma ya komeo la ndani na kwenye kishikio cha kuvutia mlango, chini ya vifuniko vidogo. Kioo kikiwa cha kuzungusha kwa mkono, pitisha kitambaa nyuma ya mkono huo na ukivute huku na huku. Kile kiwaya kilichopinda kinachoushikilia kitachomoka, kwa hiyo weka kiganja kisirukie majanini. Bandua paneli kuanzia chini, kisha iinue juu. Usiivute ghafla, kuna waya za swichi na kebo ya komeo nyuma yake.

Ndani utakuta plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Usiipasue, na usisikilize fundi anayesema haina kazi. Mvua hushuka ndani ya mlango kila inaponyesha, na plastiki hiyo ndiyo inayoyazuia maji yasifike kwenye kapeti. Fanya kazi hii asubuhi: gundi ikishapigwa na jua la mchana la Kisumu huvutika nyuzi nyuzi na kuchafua viti.

Spika ya kiwandani mara nyingi imefungwa kwa riveti. Toboa vichwa vyake taratibu, kisha futa chenga zote za chuma kabla ya kuileta spika mpya karibu. Chenga moja ikinaswa na sumaku na kuingia kwenye koili, utasikia mkwaruzo usiotibika. Paka rangi palipochubuka, hasa kwa magari ya kando ya ziwa.

Spika isipokaa sawa, kata ringi ya plaiwudi ya milimita 12 au 18, isiyoharibiwa na maji, na uipake rangi ya mafuta mara mbili. MDF, ile mbao ya unga uliogandamizwa, hunywa maji, huvimba, na skrubu huachia. Weka sponji nyembamba kati ya ringi na bati, na nyingine kwenye ukingo wa spika, pasibaki mwanya. Matundu makubwa ya bati yazibe kwa shiti ya butili (mpira unaonata), lakini yale madogo ya chini kabisa ya mlango yaache wazi. Ndiyo njia ya maji kutoka. Lami ya paa ya hadwea ni rahisi, ila ikipata joto hunuka na kudondoka.

Waya za kiwandani zinatosha kwa redio. Kujua chanya, gusisha betri ndogo kwenye vituo vya spika ya zamani kwa sekunde moja: koni ikisogea nje, kituo kilichogusa chanya ya betri ndicho chanya, na waya unaoingia hapo ndio wa chanya. Kwenye spika mpya, kituo kipana ndicho chanya. Ukipindua upande mmoja, besi hupotea katikati ya gari ingawa kila spika inalia vizuri peke yake. Waya wa spika usiguse bodi hata kidogo. Redio za sasa huendesha waya zote mbili, na kugusa bodi huweza kuichoma. Unganisha waya kwa kulehemu kwa risasi na ufunike kwa mrija wa plastiki unaojibana kwa moto, kwani selotepu huachia kwenye joto.

Rudisha waya wa betri ya gari, jaribu kabla ya kufunga paneli. Shusha na upandishe kioo mara kadhaa. Kwenye redio, kata besi ya chini ya hezi 80 ili koni zisichoke. Mwisho, mwagia kioo maji ya mpira kwa dakika chache: maji yakitoka chini ya mlango, sawa, yakionekana kwenye kizingiti kwa ndani, fungua tena ubandike plastiki upya.