Vakumu nyumbani: kuhifadhi samaki, mboga na nafaka kwenye joto la Dar

Mashine ya vakumu hufanya kazi mbili tu: inanyonya hewa kutoka kwenye mfuko, kisha inaziba mdomo wa mfuko kwa moto. Haiui bakteria. Hewa ikipungua, samaki na nyama hazikauki kwenye friza na kuota mabaka meupe, mafuta yake hayaharibiki ladha upesi, na fukusi kwenye mchele hukosa hewa. Faida zinaishia hapo. Samaki mbichi aliyefungwa vakumu akaachwa mezani mchana wa Januari ataoza ndani ya plastiki kama ambavyo angeoza nje. Kibaya zaidi, bakteria wa botulizimu hustawi pasipo hewa, na sumu yake inaweza kuwepo bila harufu wala dalili yoyote kwa macho. Kwa hiyo chochote kibichi, kilichopikwa au chenye majimaji, baada ya kufungwa kiende friza kwenye nyuzi -18. Vinavyoweza kukaa kabatini ni vikavu kabisa.

Mashine nyingi za nyumbani hunyonya hewa kupitia mdomo wa mfuko, na hizo zinahitaji mifuko yenye mikwaruzo au vinundu upande mmoja. Mikwaruzo ndiyo njia ya hewa. Mifuko laini ya kufungashia inayouzwa kwa kilo Kariakoo haifai kwa mashine hizi: plastiki hujibana pande zote mbili, hewa ikabaki imenaswa katikati. Rola ya upana wa sm 28 inatosha kwa shughuli nyingi. Kata urefu wa chakula, ongeza sm 8 juu, ziba upande mmoja, andika jina na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kabla hujajaza. Mfuko uliojaa na kuganda hauandikiki.

Kabla ya kujaza, kunja mdomo wa mfuko kwa nje kiasi cha sm 5, weka chakula, kisha ukunjue. Ukiruka hatua hii, mafuta au maji yatagusa mahali pa kuzibia, na hapo ndipo mifuko mingi hufeli. Unyevu ukikaa kwenye mstari wa moto, plastiki haishikani. Mfuko utaonekana umebana leo, kesho umelegea. Mstari mzuri ni ulionyooka, unaopitisha mwanga, hauna mikunjo wala viputo. Kwa nyama yenye majimaji piga mistari miwili, ukiacha nafasi ya sm 1 kati yake. Pumzisha mashine sekunde 20 hivi kabla ya mfuko unaofuata, maana waya wa kuzibia ukizidi joto hukata plastiki badala ya kuiunganisha. Umeme ukiwa mdogo mambo hugeuka: waya haupati moto wa kutosha na mstari unabanduka kwa kidole. Mashine ikinyonya bila kumaliza, angalia kwanza ile mipira myeusi ya kuzunguka mdomo. Punje moja ya mchele au uzi wa samaki unatosha kuvujisha hewa. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, irudishe.

Samaki ndiye anayestahili uangalifu zaidi. Ukinunua kwenye soko la samaki la Feri, nenda asubuhi na chombo chenye barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Hili lina uzito wa pekee kwa jodari, nguru na kibua. Samaki hawa wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, inayomletea mlaji uso mwekundu, kuwashwa na kichwa kuuma, na histamini haiondoki kwa kupika, kugandisha wala kufunga vakumu. Vakumu haimrudishi samaki nyuma. Ikiwa matamvua yamepauka na macho yamezama, mwache muuzaji abaki naye.

Para magamba, toa matumbo na matamvua, osha kwa maji baridi, chuja, kisha mfute kwa karatasi ya jikoni hadi akauke juu. Kata mapezi kwa mkasi, kwa sababu miiba ya mgongoni ya changu hutoboa mfuko bila wewe kujua. Kata vipande vya mlo mmoja, unene usizidi sm 3. Vipange kwenye sinia, viweke friza saa moja hadi mbili mpaka nje viwe vigumu, ndipo uvifunge. Kwa njia hii mashine hainyonyi maji ya samaki, na nyama haipondeki. Kamba nao hufungwa hivyohivyo, vichwa vikiwa vimetolewa.

Usirundike. Friza ya lita 200 isipewe zaidi ya kilo 7 hivi za chakula kipya kwa siku. Ukizidisha, katikati ya rundo huganda polepole, barafu inakuwa ya chembe kubwa zinazopasua nyama, na siku ya kupika samaki anamwaga maji na kuvurugika. Laza mifuko bapa, mmoja mmoja, hadi igande. Baada ya hapo isimamishe kama vitabu. Samaki wa mafuta kama kibua mtumie ndani ya miezi 4 hivi; nyama ya ng'ombe iliyofungwa vizuri hukaa hata mwaka.

Siku ya kuyeyusha, kata mfuko kwanza. Weka samaki kwenye sahani, chini kabisa ya friji, usiku kucha. Akiyeyuka ndani ya vakumu iliyofungwa anakuwa mahali pasipo hewa pale joto linapopanda, na baadhi ya aina za botulizimu humea hata kwenye ubaridi wa friji, kuanzia nyuzi 3 tu.

Mboga za majani zinahitaji maji ya moto kwanza. Sukuma wiki na kabichi mbichi hutoa gesi, mfuko ukavimba hata friza. Chemsha lita 4 za maji kwa kila nusu kilo ya mboga, tumbukiza sukuma dakika 3, mchicha 2, maharage machanga 3, njegere dakika moja na nusu, halafu hamishia kwenye maji ya barafu kwa muda uleule. Moto huo huzima vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha. Kamua vizuri, fanya madonge ya mlo mmoja, yagandishe, ndipo ufunge. Kitunguu saumu kilichomenywa na uyoga mbichi usivifunge vakumu kwa ajili ya kuweka friji au kabatini. Ni sehemu nzuri mno kwa botulizimu.

Maharage yaliyochemshwa mengi kwa mara moja huokoa gesi ya kupikia, lakini yapoe upesi. Yamwage kwenye sinia bapa, weka sinia juu ya maji ya barafu, yashuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2, kisha yaingie friji yafike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria iliyofunikwa ikaachwa jikoni mpaka asubuhi haiokolewi na mashine yoyote. Mchuzi na tui la nazi havifungwi vikiwa vya maji: gandisha kwenye bakuli la plastiki, toa bonge, lifunge. Tui litakatika likiyeyuka. Koroga kwenye moto mdogo litarudi.

Kwa nafaka, adui wa Dar ni unyevu wa hewa. Jaribu mahindi kwa chumvi kavu: chukua chupa ya kioo iliyokauka, jaza mahindi theluthi, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi, tikisa dakika tatu, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yaanike tena. Karanga na mahindi yaliyokwisha kuota ukungu usiyafunge kabisa, kwani sumukuvu haitoki kwa kutoa hewa, na kupika kwa kawaida hakuimalizi. Mchele na unga viweke friza siku 4 kuua mayai ya wadudu, kisha viache virudi kwenye joto la chumba vikiwa bado vimefungwa. Ukifungua vingali baridi, hewa yetu itavitia umande mara moja. Unga tia kwanza kwenye mfuko wa karatasi, la sivyo vumbi litanyonywa mpaka kwenye mashine. Dagaa anika upya hadi kichwa kivunjike kwa kidole, uwazungushie karatasi kwa sababu ya ncha zao, na usiwabane sana: dagaa waliopondwa ni unga tu.

Umeme ukikatika, funga mlango na usifungue kuchungulia. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24, ndiyo maana nafasi tupu zijazwe chupa za maji yaliyoganda. Weka friji gadi, kifaa cha kulinda friji, kwa ajili ya umeme unaporudi kwa kishindo. Ukisafiri, acha ndani kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Ukirudi ukakuta sarafu imezama chini, chakula kiliyeyuka na kuganda tena, kitupe. Mfuko uliovimba nao utupwe bila kuonjwa. Uliolegea tu ndani ya friza, chakula kikiwa bado kigumu, una mstari uliovuja: kata, funga upya, ule hicho kwanza.