Namna ya kumsimulia Krios, Titani asiye na kisa

Ukitaka kumsimulia Krios, usianze kwa kutafuta alichofanya. Mimi nilihangaika wiki mbili nikitafuta, nikatoka mikono mitupu. Fungua Theogonia, utenzi wa mshairi Mgiriki Hesiodos kuhusu asili ya miungu, wa takriban mwaka 700 KK. Utamkuta Krios kwenye mstari wa 134, katika orodha ya watoto 12 wa Gaia na Uranos, yaani Dunia na Mbingu (hao ndio Matitani), halafu kwenye wa 375, akipata watoto. Basi.

Kwa hiyo chora ukoo wake. Tumia penseli, wino utakuponza. Juu kabisa andika Krios na mkewe Eurybia, binti wa Pontos, yaani bahari. Hesiodos anasema moyo wake ulikuwa mgumu kama jiwe la gumegume. Chini yao weka wana watatu: Astraios, Pallas na Perses. Astraios na Eos, mapambazuko, walizaa pepo za magharibi, kaskazini na kusini, na nyota ya asubuhi. Perses na Asteria walimzaa Hekate, mungu wa kike, ambaye utenzi unamsifu kwa mistari kama 40. Babu mtu hakusifiwa hata kwa mmoja.

Penseli ni kwa ajili ya Pallas. Jina hilo ni lakabu ya Athena pia, mungu wa kike na binti wa Zeus, mfalme wa miungu, na mimi bila kufikiri nilimchora Athena chini ya Krios, nikasimulia hivyo mbele za watu. Binti mmoja mdogo akauliza, "Kwani huyo si ndiye aliyetoka kichwani mwa Zeus?" Nikafuta.

Sasa tulia kwenye tawi la Pallas, maana utamu uko hapo. Mkewe Styx alimzalia Zelos, Nike, Kratos na Bia: Ushindani, Ushindi, Nguvu na Mabavu. Zeus alipoita miungu wamsaidie kupigana na Matitani, Styx ndiye aliyetangulia kufika, na wanawe wote wanne. Yaani vita havijaanza, wajukuu wa Krios wameshahamia upande wa pili, na Ushindi ni mmoja wao! Miaka 10 baadaye Matitani wakafungwa Tartaros, kina ambacho fuawe la shaba likidondoka kutoka duniani hufika siku ya 10.

Unaposimulia hapo, usieleze Krios alijisikiaje. Taja wale wajukuu wanne polepole, mmoja mmoja, kisha nyamaza.